Skuli za Kimataifa za Maskati na Mikataba Yake



Asubuhi tupitapo barabara ya Sultan Qaboos kutoka Ruwi kwenda Al Khuwair, kabla jua halijakaza, tunapishana na mabasi ya skuli yaliyojaa watoto wa kila taifa. Upande wa kusini yamesimama majabali makavu, na upande wa bahari majumba meupe. Nchi hii mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa. Leo mji mkuu wake una za Kiingereza, za Kimarekani, za Kihindi na za Kipakistani, na miongoni mwa wazee wetu waliorejea kutoka Unguja na Pemba wamo walioshika chaki hapa.

Ndiyo maana vijana walimu wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hutuuliza njia ya kuingilia. Katika skuli za Kiingereza na za Kimarekani masomo huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, lakini nafasi hutangazwa mapema, nyingine kabla ya mwaka mpya. Aandikaye Julai huokota masazo. Hutakiwa shahada, cheti cha ualimu na, aghalabu, uzoefu wa miaka miwili. Vyeti vipigwe mihuri huko huko nyumbani, kwenye wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Oman. Aliyeviacha bila mihuri atawasumbua jamaa zake kwa miezi.

Lakini lililo zito ni mkataba. Katika chumba kimoja cha walimu huketi wawili wenye somo moja na vipindi sawa. Aliyeajiriwa kutoka ng'ambo hupewa nyumba, tikiti ya kila mwaka na nafasi ya watoto wake skulini. Aliyepatikana papo hapo, mathalan mama aliyemfuata mumewe, mara nyingi hupewa mshahara mtupu. Dada yetu mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka Mombasa, amefundisha hivyo miaka tisa, na karo ya wanawe wawili humla zaidi ya nusu ya mshahara. Alitwambia bila uchungu, "Ningalipeleka maombi nikiwa bado Mombasa, ningalikuwa na nyumba."

Yapo pia matangazo yanayotaka mwalimu atoke katika nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya mama. Pasipoti hutazamwa kabla ya kazi ya mtu. Hilo twaliona dhulma, wala hatuoni haya kulisema. Hata hivyo si skuli zote zilizo hivyo, na tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake Oman haihitaji tena ruhusa ya mwajiri wa kwanza ili ahamie kwa mwingine. Kwa walimu wetu hiyo ilikuwa faraja kubwa.

Basi anayeitwa kwenye usaili aulize: nyumba, au fedha ya nyumba? Tikiti ni ya mwalimu peke yake au ya aila nzima? Watoto wangapi watasoma bila karo? Majibu ayatake kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi na kabla ya kupanda ndege.