Vyuma vya mabingwa vilivyonitoa jasho

Ukitaka kucheka, cheka taratibu, maana hela niliyoichezea ilikuwa ya upatu.

Mimi ni kijana wa Kariakoo, Mtaa wa Swahili, fomu foo nimemaliza na kazi sina. Kila nikienda baharini kupunga upepo napita kando ya viwanja vya Gymkhana, nasimama kuwaangalia makedi wakitembea na mabegi ya fimbo nyuma ya wakubwa. Nikasema moyoni, hii nayo ajira. Kaka mmoja jirani yetu, kedi wa siku nyingi, akanipa neno: "Dogo, kedi asiyejua kupiga atamshauri nini bosi? Jifunze kwanza."

Zamu yangu ya upatu ilipofika nikashika laki moja na nusu. Mama alijua ni mtaji wa soksi na mikanda, nikatandike Mtaa wa Kongo. Mimi huyooo, mpaka kwenye mitumba ya Karume, Ilala!

Muuzaji alikuwa na seti mbili. Moja vyuma vinene, nyuma vimebonyea kama kisosi, sura mbaya. Nyingine vyembamba, vinang'aa kama visu vya bucha. "Hivi ndivyo vya mabingwa kwenye TV," akasema. Nikamwaga hela yote.

Alfajiri nikaingia Jangwani. Pigo la kwanza, nimechimba udongo. La pili, mpira ukaenda hatua tano, mtetemo ukanipanda mpaka kwenye meno. Watoto wa shule wakipita wakanisalimia: "Shikamoo mkulima!" Wiki mbili, viganja vimejaa malengelenge.

Siku kaka alipokuja kuniona, aliguna tu. "Dogo, hivi ni vya watu wanaogonga katikati kila siku. Ukikosea kwa unene wa kidole, umekwisha. Na mpini wenyewe mgumu, unataka mtu mwenye kasi. Wewe bado unatwanga."

Akanipa chuma chake namba 7, kizee, mgongo umebonyea. Nikapiga. Weee! Mpira ukapaa kama njiwa.

Kumbe siri ni uzito. Kile kibonyeo cha nyuma kinausogeza uzito pembezoni, hivyo ukikosea katikati kichwa hakipinduki sana. Unyayo wake mpana hauchimbi ardhi hovyo. Aliyeuvumisha ujanja huu ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway, aliyeanzisha kampuni ya Ping huko Marekani mwaka 1959. Vyuma vyake vya Ping Eye2, vilivyotoka 1982, viliuzika kama njugu. Wala si vya wanaoanza tu, maana hata mapro wengi walivipenda.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujatoa hela geuza chuma uangalie mgongo. Chagua kilichobonyea, chenye unyayo mpana na mpini usio mgumu sana. Namba 3 na 4 waachie wenyewe, hazinyanyui mpira kirahisi. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini kujifunza hakuhitaji begi zima. Namba 7, namba 9, weji na pata zinatosha. Ukianza kugonga katikati mara kwa mara, ndipo uvitamani vile vyembamba.

Nilirudi Karume kichwa chini. Muuzaji akakubali kubadilishana: seti yangu nzima inayong'aa kwa vipande vinne vya ile yenye sura mbaya. Nilikubali, ningefanyaje?

Wiki iliyopita nilibeba begi la bosi kwa mara ya kwanza. Aliniuliza apige namba ngapi, nikamjibu bila kigugumizi. Malipo yale yote nimempelekea mama. Alishukuru, akanitazama, halafu akauliza: "Haya baba, na zile soksi ziko wapi?"

Naomba asilione gazeti hili.