Jike Aliyefunga Kinywa



Nyumbani kwetu Uvira kuna tangi la kioo la lita 200. Ndani yake huishi samaki wadogo wa ziwani, weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa. Mvuvi jirani aliwanasa penye miamba, kusini mwa mji, akaniletea wakiwa hai. Wataalamu huwaita Tropheus.

Nilijiona mfugaji hodari. Niliteka maji ziwani, wala si ya mvua, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana madini mengi ambayo mvua haina. Kila juma nilibadili robo yake tu. Mwani uliota juu ya mawe, nao wakaukwangua mchana kutwa.

Mwezi wa tatu jike mmoja alijitenga. Hakukimbilia chakula, koo lilikuwa limetuna, naye akitafunatafuna bila kumeza kitu. Niliamua kwamba anaumwa. Binti yangu akasema, “Baba, tumwangalie kwanza.” Sikumsikiliza. Nilimfukuza jike yule kwa wavu, nikamtia katika beseni ili nimtibu. Akafungua kinywa: mayai manane makubwa, ya manjano, yakaanguka. Hakuyaokota tena. Kulipokucha yalikuwa yamegeuka meupe.

Kumbe alikuwa mama. Jike wa aina hii huatamia mayai kinywani, na watoto wakianguliwa huendelea kuwabeba humo. Kazi yote huchukua karibu majuma manne. Akisumbuliwa huweza kuwatema.

Mimi nilisomea ualimu. Nilifundishwa kumchunguza mtoto kabla ya kumhukumu, nami nimewahimiza wengine wafanye vivyo hivyo. Mbele ya kioo nililisahau somo langu. Nilimwomba binti yangu msamaha.

Ziwani, jike yule angejificha katika ufa wa mwamba nisimfikie. Sisi tuliomtoa huko tulimnyima ufa huo. Basi ni wajibu wetu kumpatia utulivu. Siku hizi kuna daftari kando ya tangi, na binti yangu ndiye mwandishi wake. Hakuna mkono unaoingia majini kabla hajaandika alichokiona kwa siku mbili.

Jike mwingine amefunga kinywa sasa. Leo ni siku ya 19. Nasi tunapita karibu naye polepole.

Katika kikundi chenu, ni nani aliyenyamaza juma hili? Kaeni naye kwanza, kabla ya kuamua ana nini.