Mbaazi za Watoto

Mtu aweza kusoma mengi asijue kumlisha mtoto wake mwenyewe. Maneno haya nayasema juu ya nafsi yangu. Mwaka 2014 nilikuwa mjini Pune, katika jimbo la Maharashtra, India, nikitafuta shahada ya uzamivu. Mke wangu aliugua akalazwa hospitali siku tisa, nami nikabaki na watoto wawili: mmoja wa miaka minne, wa pili hajatimiza miwili.

Siku ya kwanza niliwapikia mchuzi wa dengu. Nilitia pilipili, kitunguu saumu, bizari na kila kilichokuwamo kabatini, nikidhani kuwa wingi wa viungo ndio ustadi. Mkubwa alilia, mdogo alitema, akafumba kinywa. Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na usiku mdogo akalala kwa maji matupu. Nilikesha kando yake nikisikiliza pumzi zake, na hofu ilinishika.

Kulipokucha alikuja jirani yetu, mama mtu mzima ambaye watoto walimwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi. Hakunilaumu. Alinifundisha chakula kiitwacho varan. Alitwaa kikombe kimoja cha mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, akaziosha mpaka maji yakatakata, akaziroweka nusu saa. Kisha akazichemsha polepole pamoja na manjano kidogo na chembe ya mvuje, akiongeza maji kila yalipopungua, hata zikavurugika zenyewe. Akaziponda kwa mwiko, akatia chumvi, akazimimina juu ya wali laini, na kumalizia kwa kijiko cha samli. Hapakuwa na pilipili wala kitunguu.

Nilistaajabu, kwa kuwa vitu vile vyote nilivijua tangu utoto. Mbaazi kwetu pwani hupikwa kwa nazi, zikaliwa kwa mahamri. Mvuje nao, wenye harufu kali, hufungwa katika kitambaa akavishwa mtoto kumkinga na jicho baya. Kule ulitiwa chunguni ili tumbo lake lisijae hewa. Hamu ya kumhifadhi mtoto ilikuwa moja. Njia ndizo zilizokuwa mbalimbali.

Niliponyosha mkono kuchukua pilipili, Aji aliushika. Akaniambia kuwa mtoto mdogo hana haja ya sifa za mpishi; haja yake ni chakula kinachomezeka.

Mdogo alikula, akanyosha kisahani apewe tena.

Watoto wale sasa ni wakubwa, wala hawakumbuki siku zile. Mimi nazikumbuka kila niandikapo mhadhara. Nikiona nimerundika istilahi ili nionekane mjuzi, nausikia mkono wa Aji juu ya mkono wangu, nami huchukua kalamu nikafuta.