Mtihani wa Spika Sita

Katika Mukuru kwa Reuben, ambako aghalabu jirani na jirani hutenganishwa na bati moja, anayenunua mtambo wa spika sita hukabiliwa na swali: aujaribu kwa filamu ipi?

Wengi hukimbilia vita. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg (1998), iliyotunukiwa Oscar ya sauti mwaka 1999, hupitisha risasi kisogoni mwa mtazamaji. Hapo ndipo spika za nyuma hujulikana kama zina uhai au ni pambo. Hata hivyo, mshindo si hoja. Debe tupu nalo huvuma.

Mazungumzo, kwa kawaida, hupitia spika ya katikati. Kwa hivyo Nairobi Half Life (2012) yake David 'Tosh' Gitonga, ambamo Kiswahili, Sheng na Kikuyu hupishana, ni kipimo kigumu zaidi: neno likimezwa na muziki, mtambo umeshindwa.

Kisha yupo DJ Afro, asimuliaye filamu za kigeni kwa Kiswahili. Sauti yake huifunika ile ya asili. Fundi ataiita kasoro. Mwanafasihi simulizi atamwona fanani na hadhira yake.

Lakini mngurumo wa woofa hauishii chumbani. Huvuka bati ukamfikia jirani aliyetoka zamu ya usiku viwandani, ambaye hakuulizwa filamu ipi iwekwe. Mtambo uliofuzu, basi, ni ule ambao sauti ikiteremshwa kwa heshima yake, kila mhusika bado husikika.