Mwosha na Mtishaji

Wahenga walinena kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii husemwa sana visiwani petu, na wengi huichukua kuwa ni habari ya siku ya mazishi tu. Lakini ndani yake mna adabu kubwa. Mwosha huyaona yote ambayo marehemu aliyaficha maisha yake mazima, kovu, kilema na alama za maradhi, kisha hutoka, akanawa mikono, akenda zake, na hapana mtu mtaani atakayesikia neno. Aliyoyaona yeye huyahesabu kuwa ni amana.

Zama hizi amezuka mjuzi mwingine wa siri za watu, ambaye akiiona aibu ya mwenzake huifanya mtaji. Hukusanya picha au maneno ya faragha kwa hila, kisha humwambia mwenyewe: lipa, ama nitayaanika. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa kitendo hiki. Twasema kutishia kuanika siri, au kutoza kwa vitisho; na atendaye hayo tumwite mtishaji. Neno walilonalo Waingereza lilizaliwa katika mpaka wa Scotland na Uingereza, yapata karne ya 16, na sehemu yake ya pili ilikuwa na maana ya kodi. Wakulima wa mpakani waliwalipa wenye nguvu ili mifugo yao isiporwe na nyumba zao zisitiwe moto. Inafaa kuikumbuka asili hiyo, kwa sababu wengi wanaotishwa hudhani kuwa wananunua kimya chao kwa bei, na bei hulipwa mara moja ikesha. Kumbe wanachotakiwa ni kodi, na kodi hurudi kila msimu.

Kijana mmoja wa Unguja, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyaonja hayo. Alianza kuandikiwa na msichana asiyemjua, maneno laini kwa siku nne, kisha ikaja simu ya video usiku wa manane. Msichana aliyeonekana pale alikuwa ni kanda iliyorekodiwa zamani na mtu mwingine mahali pengine. Aliyekuwa hai katika simu ile, na aliyevua nguo, alikuwa yeye peke yake. Dakika chache baadaye aliletewa video yake mwenyewe pamoja na orodha ya majina: mama yake, ami zake wawili, dada yake, mwalimu wake wa skuli. Alitakiwa atoe shilingi 200,000 kabla ya alfajiri. Akalipa kwa simu fedha za chumba alichopanga. Siku ya tatu akatakiwa 300,000, akauza kompyuta yake. Wiki ya pili akadaiwa tena, naye hakuwa na cha kuuza.

Mjomba wake, mzee asiyejua mambo ya mitandao, ndiye aliyebaini kuwa kijana haliwezi tonge wala usingizi. Walikaa barazani baada ya Isha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Unadaiwa?"

"Nadaiwa."

"Na nani?"

"Simjui."

Yule mzee alinyamaza kitambo. Hakuuliza picha ilikuwa ya nini, wala hakutaka kuiona. Aliuliza tu kama ameshalipa, na kama simu yote ingali na maneno ya yule mtu. Kisha akamwambia: "Usifute kitu. Na usilipe tena. Kesho tunakwenda wote."

Mficha uchi hazai, walisema wakubwa. Kwa kijana yule jambo zito kuliko yote lilikuwa lile la kutamka "nadaiwa" mbele ya mtu mmoja. Nguvu ya mtishaji haimo katika picha, imo katika upweke wa anayetishwa. Maadamu hapana wa tatu anayejua, mtishaji ndiye mwenza pekee wa siri, na kila amri yake huonekana kuwa ndiyo njia pekee. Akishaingia mtu wa tatu, hata asiye na elimu ya mambo hayo, hesabu hubadilika.

Asubuhi yake mambo hayakuwa mepesi. Askari wa kwanza waliyemkuta kituoni aliuliza kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kwa shida zao, "Na wewe nguo ulivua kwa nini?" Kijana alitaka kuondoka. Mjomba akaomba waonane na mkubwa wa zamu, faraghani, na wakakubaliwa. Swali kama lile limewarudisha wengi nyumbani kabla hawajaandikisha kitu. Anayelalamika kwa kosa la namna hii huja na aibu yake mkononi, na anayempokea hana budi kuwa na adabu ya mwosha, la sivyo amemsaidia mtishaji bila ya kutumwa.

Walipotoka walikwenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure. Huduma hiyo si ngeni Zanzibar. Kituo cha Huduma za Sheria kipo tangu 1992, ipo jumuiya ya wanasheria wanawake, na wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya za Unguja na Pemba. Khofu ya kijana ilikuwa kwamba akishitaki atashitakiwa yeye, maana alisikia kuwa sheria inakataza picha za uchi. Mwanasheria alimfafanulia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza katika kifungu cha 14 kuchapisha picha za ngono kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Lakini kifungu cha 23 kinamlenga mtishaji mwenyewe: kinakataza kumpelekea mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia majonzi. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kijana alikuwa ndiye mlalamikaji wa kifungu hicho.

Nasaha alizopewa zilikuwa za kawaida, na ni vyema kila nyumba izijue. Asijibizane na mtishaji, wala asimtukane. Asifute mazungumzo, apige skrinshoti za kila ujumbe zikiwa na namba, jina la akaunti, tarehe na saa, na aiweke simu yenyewe kwa ajili ya wapelelezi. Picha ile asimrushie mtu yeyote, hata kwa jina la ushahidi; aioneshe ndani ya simu yake mbele ya mpelelezi anayehusika. Ahifadhi risiti za fedha alizotuma. Namba iliyopokea fedha aipeleke polisi, na pia aitume kwenye 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Aifunge orodha ya marafiki zake isionekane na wageni, na airipoti akaunti ya mtishaji kwa wenye mtandao.

Upo na msaada mwingine usiojulikana sana kwetu. Tangu Desemba 2021 ipo huduma ya bure iitwayo StopNCII kwa waliotimiza miaka 18. Mwenye picha huichagua ndani ya simu yake, na programu huitolea alama ya tarakimu mfano wa alama ya kidole. Picha haitoki simuni. Inayotoka ni alama, na kampuni za mitandao zilizojiunga huitumia kuizuia picha hiyo isipandishwe kwao. Kwa walio chini ya umri huo ipo nyingine, Take It Down. Huduma hizi haziifuti picha duniani, ila huipunguzia njia za kupita.

Namba iliyopokea fedha ilikuwa na mwenyewe kwa jina. Tangu 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Lakini kidole kilichosajili si lazima kiwe ndicho kidole kinachotishia. Mwenye laini alipatikana Bara, mtu mzima aliyesema laini ile ilisajiliwa kwa jina lake asijue. Shauri likabaki kwenye upelelezi. Na mtishaji alipoona halipwi alitimiza sehemu ya ahadi yake, akaituma video kwa watu wawili.

Je, ndiyo kusema sheria haina mkono mrefu? Kesi moja inajibu. Machi 2022, huko Michigan nchini Marekani, kijana wa miaka 17 alijiua saa chache baada ya kutishwa kwa picha yake. Waliomtisha walikuwa Lagos. Walisakwa, wakapelekwa Marekani mwaka 2023, na Septemba 2024 ndugu wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja. Bahari haikuwaficha. Lakini mkono ule uliwafikia baada ya mtoto kuzikwa, naye angeokolewa na jambo lililo karibu zaidi kuliko mahakama: mtu mmoja wa kumwambia usiku uleule.

Katika wale wawili waliopelekewa video ya kijana wa Unguja, mmoja aliipeleka kwa wenzake, ikacheka mitaa miwili kwa juma moja, kisha ikachosha. Wa pili alikuwa mwalimu wake wa zamani. Aliifuta, akampigia simu kumuuliza hali, wakazungumza habari za masomo, na wala hakugusia alichokiona. Kijana alielewa. Sheria itamtafuta mtishaji kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini picha ikishaingia katika simu ya mtu, hapana askari wala hakimu aliyepo pale. Yupo mwenye simu peke yake na maiti ya heshima ya mwenzake mikononi, naye ndiye atakayeamua kama ataiosha au ataianika.