Mito Isiyofika Baharini

Nilikuwa darasa la nne, katika shule moja ya Mbulu ambayo sitaitaja, siku mwalimu alipouliza mito huishia wapi. Nilinyoosha mkono kabla ya wenzangu wote. Nilikuwa na hakika, maana jibu nilikuwa nimeliona kwa macho. Miezi michache nyuma baba alinichukua kwenda kumsalimu shangazi yake, na tulipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa akanionyesha jinsi maji ya kwetu yanavyoteremka hadi Ziwa Manyara, lililokuwa liking'aa huko chini. Nikajibu, "Ziwani, mwalimu." Darasa likacheka. Nikachapwa fimbo mbili za mkononi, kisha sote tukaitikia kwa sauti, mara tatu, kwamba mito huishia baharini.

Simlaumu mwalimu wangu. Alifundisha kilichoandikwa kitabuni, na kilichoandikwa kilikuwa kweli kwa mtoto wa Pangani, wa Rufiji na wa Ruvuma. Hata wahenga walikuwa upande wake: bahari iliko ndiko mito iendako. Lakini Mbulu na Hanang ni nchi ambayo maji yake hayaifuati methali hiyo. Ya mashariki, yakiwamo yatokayo msitu wa Nou, huteremkia Ziwa Manyara. Ya magharibi huelekea Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Chini ya Mlima Hanang kuna Balangida, ziwa la magadi ambalo kiangazi kikizidi hubaki uwanda mweupe. Maziwa hayo hayana mlango wa kutokea. Serikali yenyewe inalijua jambo hili vizuri: katika mabonde tisa ya maji ambayo nchi imegawanywa, eneo letu limo katika Bonde la Kati, ambalo sifa yake kuu ni kwamba maji yake hayafiki baharini. Wataalamu wa maji walikuwa na jibu langu. Kitabu changu cha shule ndicho kilichokuwa hakina.

Kisa hiki kilinirudia likizo iliyopita. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwalimu wa darasa la tatu huko nyumbani. Alinipigia simu wiki moja kabla sijasafiri kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjomba, nina somo la bahari, na bahari yenyewe nimeiona kwenye simu tu. Wewe unaishi nayo. Njoo unisaidie."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba nami niliiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nilipokuja kuanza chuo kikuu. Nilisimama Kivukoni, nikachota maji kwa kiganja, nikayaonja, nikayatema. Miaka kumi na mitatu ya shule ilikuwa imeniambia kwamba yana chumvi, na bado nilishtuka. Basi, siku moja kabla ya safari nilipita ufukweni, nikajaza chupa ya lita moja na nusu.

Nilipoingia darasani watoto walisimama, wakaniamkia kwa pamoja. Ubaoni mpwa wangu alikuwa amechora jahazi, papa na mnazi. Nikauliza bahari ni nini. Wakaitikia kama wimbo: bahari ni eneo kubwa lililojaa maji ya chumvi. Nikauliza maji ya chumvi yakoje. Kimya. Sentensi walikuwa nayo. Kilichomo ndani yake hawakuwa nacho.

Nikaiacha bahari, nikauliza ni nani ambaye kwao wana ng'ombe. Mikono yote ikapanda. Ng'ombe wakikosa chumvi hufanyaje? Hapo darasa likafunguka. Mmoja akasema hulamba ukuta. Mwingine akasema hulamba hata shati la mchungaji lenye jasho. Wa tatu akaeleza jinsi babu yake alivyokuwa akifuata chumvi Balangida na kurudi na mzigo. Nikauliza kwa nini Balangida kuna chumvi na chemchemi ya nyuma ya shule haina. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akaanza kujibu, akasema "tlawi," kisha akaziba mdomo. Ni neno la Kiiraqw, maana yake ziwa. Wilayani kwetu kuna ziwa lenye jina hilohilo. Darasani kilugha ni kosa. Mpwa wangu akatazama mlangoni, akamwambia taratibu, "Sema tu." Mtoto akasema kwamba katika tlawi lile la chumvi maji huingia lakini hayatoki, jua huyanywa, chumvi hubaki.

Nimesoma hadi shahada ya uzamivu, na sijui namna bora zaidi ya kueleza kwa nini bahari ina chumvi. Mito huileta kutoka kwenye miamba ya nchi kavu tangu zama na zama, jua huchukua maji, chumvi husalia, hata leo katika kila lita ya maji ya bahari imo wastani wa gramu 35. Bahari ni Balangida iliyo kubwa mno.

Tukamimina vijiko viwili vya maji ya chupa kwenye sahani ya bati, na viwili vya maji ya chemchemi kwenye nyingine, tukaziweka juani. Kipindi cha mwisho sahani ya kwanza ilikuwa na utando mweupe. Wakapanga foleni kuulamba. "Bahari imebaki," alisema msichana mmoja mdogo. Na maji je? Akaonyesha juu. Nikawaeleza jinsi pepo za kusi na kaskazi zinavyobeba mvuke kutoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwetu, hadi zikutane na milima. "Kwa hiyo mvua ni bahari?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kwa sehemu kubwa. Ni bahari iliyoacha chumvi yake nyuma.

Siku mbili baadaye nilikwenda Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ambako rafiki yangu anafundisha, nikarudia somo lilelile. Huko lilinishinda. Tulipofika kwenye mvua, mtoto mmoja aliuliza bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo ni bahari iliyoleta tope?"

Msomaji anakumbuka. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaivamia Katesh na vijiji jirani, kikiwamo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haikuwa volkano. Sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujishikilia. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Akakatisha ziara, akarudi. Watoto wa darasa lile walikuwa wadogo siku hiyo, lakini si wadogo kiasi cha kusahau.

Nilimjibu kwamba tope lilitoka mlimani, ila maji yaliyoulainisha mlima yalitoka baharini. Kwamba mwaka ule upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi zaidi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye daftari lake. Sikujua kama nimemsaidia au nimemwongezea kitu kingine cha kuogopa.

Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya redio. Miezi michache kabla ya maafa yale, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza matarajio ya El Nino na mvua za vuli za juu ya wastani, na matangazo ya namna hiyo huzungumza sana juu ya joto la bahari. Sisemi kwamba somo la bahari lingemwokoa mtu. Mlima unapoporomoka hauulizi nani alisoma. Nasema kwamba tahadhari hutolewa kwa lugha ya bahari, kwa watu waliofundishwa kwamba bahari ni mahali pa papa na minazi, mbali, pa watu wengine. Mkulima wa Katesh akisikia kwamba bahari imepata joto, atajuaje kwamba anayezungumziwa ni yeye?

Narudi Mbulu, maana somo la kule halikuishia kwenye sahani. Kabla kengele haijalia, msichana yule aliuliza: "Na mito yetu inaishia wapi?" Mpwa wangu alinitazama, nami nikamtazama. Akachukua chaki, akaandika: Mito mingi huishia baharini. Mito yetu huishia ziwani. Jioni, tukinywa chai, akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. "Mjomba, mtihani ukija na swali hilo, la kuchagua jibu moja, niwaambie wachague lipi?"

Nilimtolea hotuba. Nilizungumzia mitaala, ukoloni, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena: "Wachague lipi?" Nikasema: baharini.

Ninalionea aibu jibu hilo, ingawa najua lilikotoka. Mtoto wa mkulima ana njia moja ya kutoka, na njia hiyo inapita kwenye karatasi ile. Lakini ninajua pia tunachomfundisha kwa kumwambia hivyo: kwamba kuna ukweli wa kuona na ukweli wa kuandika, na wa kuandika ndio wenye alama. Ninakutana naye miaka kumi na zaidi baadaye kwenye ukumbi wa mihadhara. Haniulizi kama jambo ni la kweli. Ananiuliza kama litatoka kwenye mtihani. Kisha anaajiriwa. Anatumwa kukagua mradi wa maji. Bomba analiona ni kavu, na kwenye taarifa anaandika kwamba mradi umekamilika. Tunamwita mwongo, tunamwita mla rushwa. Pengine ni mwanafunzi mzuri tu, aliyeelewa mapema kwamba mito huishia baharini.

Kwenu mnaotunga vitabu na mitihani, na kwenu maafisa elimu mnaosoma ukurasa huu, sina madai makubwa. Kitabu cha taifa zima kinaweza kusema "mito mingi" mahali palipoandikwa "mito". Ni neno moja. Mwalimu aruhusiwe kuanza na ziwa ambalo mtoto analijua kabla ya kufika kwenye bahari asiyoijua, na mtoto aruhusiwe kulitaja ziwa hilo kwa lugha ya mama yake kabla ya kulitaja kwa Kiswahili. Kiswahili hakitapungua. Chenyewe kilizaliwa ufukweni, kikapanda bara kwa kukaribishwa na lugha nyingine.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia ujumbe. Kwenye jaribio la shule lile swali lilitoka. Karibu wanafunzi wote waliandika baharini, kama nilivyoshauri. Msichana yule aliandika ziwani. "Nimempa alama, mjomba," aliniandikia, "na mwalimu wa taaluma ameniita kesho ofisini nikajieleze." Nikamuuliza atasema nini. Akajibu kwamba atamwomba watembee pamoja hadi ukingoni, wakatazame.