Kimya cha Kununua

Zamani kimya hakikuwa na bei. Aliyekitaka alingoja usiku ukue, watoto walale na barabara itulie, ndipo akakaa kitako na kalamu yake. Leo kimya huuzwa madukani, kikiwa kimetiwa ndani ya kijisanduku pamoja na hedifoni, na bei yake hufika dola 350 za Kimarekani au zaidi. Wahenga walipata kusema kuwa rahisi ni ghali. Wasikiaji wengi wakaligeuza neno hilo, wakadhani kuwa ghali, basi, ni rahisi: kwamba mwenye kutoa fedha nyingi mara moja hatazitoa tena.

Fikra ya kuizima sauti kwa sauti si ngeni. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978, Amar Bose, mhandisi wa Kimarekani, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alikerwa na mvumo wa injini uliokuwa ukiufunika muziki aliopewa asikilize, akaanza kupiga hesabu humo humo safarini. Hedifoni za marubani zilizotokana na hesabu hizo ziliingia sokoni mwaka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka 2000. Baadaye makampuni mengi yakaifuata njia hiyo.

Ufundi wenyewe waelezeka kwa maneno machache. Maikrofoni ndogo huunasa mvumo wa nje, na kompyuta ndogo zaidi hutengeneza wimbi lililo kinyume chake. Pale wimbi la kwanza linapopanda, la pili hushuka, na yakikutana hufutana. Hila hii hufaulu zaidi kwa mivumo mizito isiyokatika, kama ya injini, ya feni na ya jenereta. Sauti ya mtu abishaye hodi hupenya bado, ingawa hupungua ukali.

Mji Mkongwe wa Unguja unaujua mvumo wa namna hiyo. Kisiwa kilipokosa umeme kwa takriban miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalinguruma milangoni mwa maduka asubuhi hadi usiku. Umeme uliporudi, mengine yalibakia pale pale, yakingoja kuwashwa kila unapokatika. Juu ya duka lenye jenereta kama hilo, huko Malindi, anakaa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiandika kwa mkono tenzi zilizomo ndani ya kanda za kaseti. Kanda hizo alizirithi kwa marehemu kaka yake, aliyekuwa akisafiri baina ya Pemba na Lamu na kinasa sauti chake, akiwarekodi wazee waliojua kughani. Zilikuwa kanda 64. Wazee wenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kazi hiyo haitaki haraka wala kubahatisha. Kila mshororo wa utenzi una mizani nane, na ikipotea moja, mshororo huchechemea. Mghani wa Lamu akisema nti, ana maana ya nchi. Akisema nta, yumkini ana maana ya ncha. Kinachoyatenga maneno hayo mawili ni irabu moja ya mwisho, tena imetamkwa na mzee aliyekwisha kupoteza meno. Jenereta likivuma chini, Mwalimu aliurudisha ukanda nyuma mara tano, mara sita, naye anajua kuwa ukanda mkuukuu hupungua uhai kila unaporudishwa.

Mwaka 2019 mwanawe aliyeko Maskati alimletea hedifoni za bei. Mwalimu aliziunganisha kwa waya na redio kaseti yake, akabonyeza kitufe, na jenereta likatoweka kana kwamba limebebwa likapelekwa mtaa wa pili. Mchakacho wa ukanda ulibakia, kwa kuwa hedifoni huzima kelele za nje, si zilizorekodiwa pamoja na sauti. Lakini katikati ya mchakacho huo alimsikia mghani akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, na nti ikawa nti. Katika miezi 6 ya mwanzo aliandika kanda nyingi kuliko alizoandika katika miaka miwili iliyotangulia.

Mwaka wa tatu ulipoingia, mito ya masikioni ilianza kubanduka. Vipande vyeusi, vyembamba mfano wa majivu ya karatasi, vilimganda mashavuni na kwenye mtandio. Ngozi ile haikuwa ngozi. Ilikuwa utando wa poliurethani uliobandikwa juu ya kitambaa, na adui mkubwa wa utando huo ni unyevu, ambao huvunja viungo vya kikemia vinavyoushikilia. Joto huuharakisha uharibifu huo, na jasho la muda mrefu huuongezea. Hata zikikaa kabatini bila kuvaliwa, hedifoni za namna hiyo huzeeka katika hewa ya pwani.

Wawakilishi wa kampuni iliyozitengeneza walijibu kwa adabu kuwa dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja, na kwamba toleo jipya limekwisha kutoka. Jibu hilo halikuwa na kosa la kisheria. Lakini lilimwacha Mwalimu na kitu ambacho, kwa hesabu ya mtengenezaji, kilikuwa kimekwisha, ilhali kwa hesabu yake yeye kilikuwa hakijafika hata nusu ya kazi kilichoagiziwa.

Alijaribu kuivika ile mito vifuniko alivyovishona kwa kipande cha kanga. Mashavu yalisalimika, lakini jenereta likarudi. Hapo ndipo ilipodhihiri siri ya chombo hicho: akili yake yote ya hesabu hutegemea mto ulioziba vyema kulizunguka sikio. Pakiwa na upenyo, mvumo mzito huingia na hesabu haiufikii. Kilicho ghali kabisa kimekalia kilicho rahisi kabisa.

Mafundi wa majahazi hawangelistaajabia jambo hilo. Mbao ngumu hudumu miaka na miaka, lakini maji huingilia kwenye maungio. Kwa sababu hiyo chombo hupandishwa pwani, kikatiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na chini kikapakwa shahamu na chokaa. Hakuna nahodha anayelitupa jahazi kwa kuwa kalafati imeoza.

Mwalimu alizifunga hedifoni ndani ya kitambaa, akazipeleka kwa fundi wa simu wa Darajani aliyemsomesha darasa la nne.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa.”

Kijana aliziwasha, akazisikiliza, akazigeuza. “Akili yake nzima, Mwalimu. Kilichokufa ni mito tu.”

Mito ya kwanza aliyoagiza kutoka Dar es Salaam ilikuwa rahisi, na sifongo yake nyembamba ilibonyea ndani ya miezi 8. Ndipo wakaenda wote wawili kwa mshonaji wa makubadhi. Mzee huyo hakuuliza chombo ni cha nini. Alikipima kipenyo kwa uzi, akachagua ngozi laini ya mbuzi, akaishona kwa ndani juu ya sifongo nzito ili mshono usimchome mvaaji. Sauti ilibadilika kidogo, ya chini ikawa nzito zaidi kuliko awali, lakini upenyo ulizibika. Ngozi halisi nayo ina madai yake. Wakati wa masika huota ukungu isipofutwa kwa kitambaa kikavu, na haipendi kuachwa dirishani juani.

Baadaye ikafuata betri. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kuchajiwa, na huzeeka pia kwa kukaa, hasa mahali pa joto ikiwa imejaa. Iliyokuwa ikimfikisha Mwalimu siku tatu za kazi sasa ilikata kabla ya adhuhuri. Fundi alizikuta skrubu chini ya mito, na betri ikiwa imeshikwa kwa plagi ndogo, haikugandishwa kwa gundi. Hiyo ilikuwa bahati, maana vyombo vingi vya siku hizi havifunguki bila kuvunjwa. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2023, umeiweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vyombo vingi vinavyobebeka, visipokuwa vichache vilivyotengwa, zitapaswa kuweza kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo mwenyewe. Huko imehitajika sheria kulisema lile ambalo bisibisi ya Darajani ililijua: kitu kisichofunguka ni cha kukodi, hata kama mwenyewe ameilipa bei yote.

Hata hivyo si kila kidonda kina dawa. Bawaba ya upande wa kushoto imefanya ufa mwembamba kama unywele. Gundi haikuishika plastiki yake, na kipuri chake hakiuzwi peke yake. Mwalimu hazikunji tena hedifoni zake. Mwanawe aliposikia, alitaka kumpelekea nyingine mpya. Alimshukuru, akamwomba badala yake chombo cha kuzihamishia kanda ndani ya kompyuta, kwa kuwa hedifoni nyingine zitapatikana, na mzee mwingine wa kughani tenzi zile hapatikani.

Kanda 41 zimekwisha kuandikwa, zimebaki 23. Mwanzoni alizifuata kwa tarehe, kama kaka yake alivyozipanga. Siku hizi mpango huo ameuacha. Jenereta likianza kuvuma, huzivaa hedifoni kwa mikono miwili, akautafuta ukanda ulio dhaifu kuliko wote uliosalia, akauanza huo.